Nyayo Katika Handaki la Islington

Aliyeiona kwanza ni Bi Leena, na moyo ulimwambia kuna neno hata kabla macho hayajamaliza kazi yao. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwezi wa Machi, wakati ambao London haijaamua kama itatoa jua au italificha kama kawaida yake. Alifungua kidirisha cha boti yake amwage majani ya chai, akaona pua ya boti nyingine imechomoza katika mdomo wa handaki la Islington. Nusu ilikuwa nje, nusu gizani. Taa ya mbele ilikuwa imezimwa, injini kimya, na kila maji yalipotikisika boti iligonga matofali ya ukuta, ko, ko, kama mgeni asiyefunguliwa mlango.

Ubavuni iliandikwa IDJWI kwa rangi ya manjano, jina la kisiwa cha Ziwa Kivu. Boti za mifereji ya Uingereza ni nyembamba kiasi kwamba wanene wawili hawapishani ndani, na kwa mgeni zote ni sura moja. Hii lakini kila mtu aliijua, maana mwenyewe, Papa Albert Murhula wa Bukavu, aliipaka rangi upya kila mwaka huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kukera majirani.

"Papa Albert!" aliita Bi Leena. "Weye! Umelala kwenye usukani?"

Hakujibiwa. Alishuka kwenye njia ya kando ya mfereji, akaikamata kamba, akaivuta boti mpaka nyuma yake ikatoka gizani. Papa Albert alikuwa chali kando ya usukani, pekupeku, damu imeganda kisogoni. Bi Leena alifundisha shule maisha yake yote bila kuwapigia watoto kelele. Asubuhi ile alipiga.

Sajini Daisy Njenga alifika chai ya Bi Leena ikiwa imepoa bila kunywewa. Alizaliwa Nakuru, akaletwa London akiwa msichana mdogo, na kituoni alijulikana kwa mambo mawili: hakuchoka kuuliza, na hakuwa na subira na mtu anayejibu asichoulizwa. Mkubwa wake, inspekta mmoja Mwingereza, mrefu, mwenye haraka zake, alikuwa amekwisha kupata jibu hata kabla ya kuvaa glavu.

"Ajali," alisema inspekta. "Mzee alisimama wima akiendesha, kichwa kikagonga tao la handaki."

Bi Leena alimgeukia Daisy kwa Kiswahili cha Dar es Salaam alikozaliwa, ambacho hata miaka yake ya Tooting, kusini mwa London, haikumnyang'anya. "Mwambie bosi wako ainue macho. Lile tao linamgusa nani? Papa Albert angebebwa mabegani na mtu mwingine, na bado lisingemfikia."

Daisy aliinua macho, akaona ni kweli. Alivaa vifuniko vya plastiki juu ya viatu, akaingia Idjwi. Mlangoni kulikuwa na kibao cha lugha tatu: VUA VIATU. Ndani palikuwa pasafi, jiko la chuma la kuni limekaa kwenye pembe yake, na sakafu mbele yake ilionekana imefutwa kwa haraka, nusu ikibaki na alama za tambara. Upondo wa kusukumia boti ulikuwa juu ya paa, umefungwa kwa mnyororo na kufuli, kwa sababu wezi wa mfereji hawabagui. Usukani ulifungwa kwa kamba, umelazwa upande mmoja. Kule mbele, ubao wa kuvukia kwenda nchi kavu ulilazwa kukingama, kichwa chake kimechomoza nje, na juu yake palikuwa na mto wa kitanda uliolowa.

Nani analala mbele ya boti usiku wa Machi? Daisy alijiuliza, akaendelea.

Kwenye injini ndipo alipokwama. Mahali pa stata, mota ndogo ya kuwashia injini, palikuwa tundu tupu na nyaya mbili zinaning'inia.

"Boti isiyo na stata ni kabati tu," alisema Bi Leena. "Hii jana jioni ilikuwa imefungwa ng'ambo ya pili ya handaki, upande wa Caledonian Road. Nilipita hapo na baiskeli, tukasalimiana."

"Basi mtu ameivuta kwa boti nyingine."

"Ningesikia. Handaki lile likipitiwa na injini, vikombe vyangu hucheza kabatini. Na huwezi kuivuta kwa miguu, mle hakuna njia. Ni maji, ukuta kwa ukuta." Alisita, akakunja ncha ya shali yake. "Kuna kitu nilisikia. Utanicheka."

"Sicheki nikiwa kazini, Bi Leena."

"Nilisikia mtu anatembea. Mle ndani. Hatua moja, hatua nyingine, taratibu. Anapumzika, kisha anatembea tena. Mtu anatembea mahali pasipo na pa kukanyaga, mwanangu. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani."

Daisy aliutazama mdomo wa handaki. Tangu utoto hakupenda mashimo, na lile lilikuwa shimo refu lenye nukta ya mwanga mwishoni. Alijifanya anaandika kitu.

Kufikia mchana inspekta alikuwa ameitupa ajali yake na kupata mshukiwa, na mshukiwa huyo alikuwa Armelle. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Papa Albert. Mzee alimlea tangu Bukavu, akaja naye London, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wawili tu katika ile boti. Sasa alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mlezi wa wazee katika kea homu moja. Majirani wa Caledonian Road walisikia akigombana na mzee Alhamisi jioni. Aliwaambia polisi kwamba baada ya hapo alikwenda kazini, shifti ya usiku. Kea homu wakasema hakuonekana. Alibadilishana shifti na mwenzake.

Isitoshe, stata ilipatikana ndani ya gari la Imran, fundi wa injini za boti, kijana wa mtaa wa Kenton ambaye Armelle alikuwa na namba yake kwenye simu, ikifuatwa na alama tatu za moyo.

"Aliniambia mzee mwenyewe niitoe," Imran alimwambia Daisy. Kiswahili alikirithi kwa mama yake aliyekulia Kisumu. "It was dead, Sajini. Nilipeleka kutengeneza. Kwani mimi niue injini ya mzee ninayetaka kuwa mkwe wake?"

"Na usiku wa Alhamisi?"

Imran alitazama sakafu. "Muulize Armelle. Nilimwapia sitasema."

Armelle alihojiwa kituoni, wakili wake pembeni, macho yamemvimba. Daisy alimsogezea maji.

"Sister, hapa hakuna wa kumficha tena. Ulikuwa wapi?"

"Kenton," alisema Armelle kwa sauti ndogo. "Kwa mama ya Imran. Alitaka kuniona. Tonton Albert alikataa, alisema kwanza nimulete Imran kanisani, watu bamujue, ndiyo niende kwao. We argued. Nikaenda tu. Nililala pale, mimi na ule mama, chumba kimoja." Alifuta pua kwa kiganja. "Tonton alisema Jumapili kutakuwa neno kanisani. Neno nzito. Nilijua ni mimi. Nilijua atanisema mbele ya batu bote. Nilikuwa na kasirani, sikumuaga hata."

"Alisema neno gani?"

"Hakusema. Alisema tu, mwenye neno asipolisema mwenyewe, yeye atalisema."

Inspekta alisikiliza tafsiri hiyo akitabasamu kwa upande mmoja. Hasira, aibu ya hadharani, mpenzi fundi mwenye stata mkononi. Mama wa Kenton angesema lolote kumwokoa mwanawe. "Tunaye mpaka kesho jioni," alisema. "Muda wa kumshikilia ukiisha, namfungulia mashtaka ya mauaji."

Daisy hakulala vizuri siku hiyo, na tuseme ukweli, hakujua kwa nini alimwamini yule binti. Alichojua ni kwamba mashtaka ya mauaji yakimwangukia mtu mwenye hali ya Armelle, asiyekuwa na ndugu mwingine wala pasi ya nchi, hata akija kushinda atakuwa amekwisha kuvunjika.

Lakini kabla ya kulala, Ijumaa ileile jioni, alikuwa amekwenda Thamesmead, kusini-mashariki mwa London. Watu wa kanisa la Papa Albert walikusanyika kwenye nyumba ya Mama Anne-Marie, ghorofa ya tatu, na mlangoni viatu vilijaa mpaka ngazini. Daisy alitafuta pa kuweka vyake, karibu akanyage jozi ya ngozi ya mamba, rangi ya divai, inayong'aa kiasi cha kumwona mtu meno.

"Angalia, Sajini, hivyo ni vya Aristide wangu," alisema Anne-Marie, mwanamke mpana mwenye macho yaliyochoka. "Hata mvua ya London inaviogopa."

Ndani viti vilipangwa ukutani, wanawake wameketi kwenye mikeka, picha ya marehemu mezani. Walikuwa wanaongea kwa chini. Hakuna aliyelia kwa sauti.

"Tunangoja," Anne-Marie alieleza. "Kilio hakianzake bila mwenye kilio. Mwenye kilio ni Armelle, na Armelle muko naye nyinyi." Aliisema bila ukali, na ndiyo maana ilimchoma Daisy zaidi.

Aristide alikuwa kiongozi wa kwaya, mtu wa miaka hamsini hivi, suti imemkaa, manukato yamemtangulia. Yeye na Papa Albert walijuana tangu Bukavu. Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa amuoe Anne-Marie. Wote wawili wajane.

"Muke wangu Laurette alikufa ku kambi ya bakimbizi," alisema akishusha macho. "Batu ba hapa banajua. Balimulilia katika hii hii nyumba, miaka sita sasa."

"Nilipika mimi," alisema Anne-Marie. "Sikumujua hata, lakini nililia."

"Pole. Ulimwona Papa Albert Alhamisi?"

"Hapana. Nilikuwa kwangu, naomba Mungu usiku muzima, ku magoti. Na ile boti yake sikuikanyaga hata. Maji minaogopa tangu mutoto." Alisimama kumpa Daisy mkono, akauma meno, akashika mapaja kama mtu aliyepanda mlima. "Unaona? Sala iko na bei yake."

Daisy aliuliza jambo la mwisho kabla ya kuondoka. Simu ya mwisho ya Papa Albert ilipigwa Tanzania, namba ambayo tangu mchana iliita bila kupokewa. Alikuwa na ndugu huko?

"Nani hana?" alijibu Anne-Marie. "Nusu yetu tuko na batu kambini Nyarugusu. Huko kupata réseau ya simu ni bahati." Aristide alikuwa anatazama kucha zake.

Jumamosi asubuhi daktari aliyeupasua mwili alituma taarifa. Jeraha lilitokana na kuanguka juu ya pembe ya chuma, na jiko la Idjwi lilikuwa na pembe hiyo. Chini yake aliongeza sentensi ambayo Daisy aliisoma mara mbili, akatia simu yake mfukoni na kumfuata Bi Leena.

"Nipitishe kwenye handaki," alisema. "Taa yako uielekeze ukutani, siyo mbele."

"Unatetemeka, mwanangu."

"Washa injini, Bi Leena."

Bi Leena alipiga honi, wakaingia. Baridi iliwapokea kama mlango wa friji, matone yakaanguka shingoni, na ngurumo ya injini ikazunguka kichwani mwa Daisy mpaka akashindwa kusikia mawazo yake. Alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi ya tangu enzi za mvuke, juu yake utelezi wa kijani.

"Pole pole," alisema. "Hapo. Rudisha taa."

Juu kidogo ya usawa wa maji palikuwa na baka ambapo utelezi na masizi yalikwanguliwa mpaka tofali likaonekana. Baka jingine lilifuata mbele yake. Kisha jingine, na jingine, mstari mrefu uliokwenda na ukuta mmoja tu, hatua kwa hatua, mpaka taa ikashindwa kuufuata. Kwenye baka moja, mahali palipokuwa na tope zito, zilionekana alama tano za duara, kubwa moja na ndogo nne.

Daisy alisahau kuogopa. "Vidole vya mguu," alisema. "Mtu ametembea ukutani. Pekupeku."

Bi Leena alizima injini. Aliinama, akapima baka moja kwa kiganja.

"Mjinga mimi," alisema. "Niliogopa mzimu, kumbe najua kila kitu. Zamani, kabla ya injini, boti zilivutwa na farasi. Handaki hili halina njia, basi farasi alipandishwa kilimani akapita mitaani, na wanaume wakalala chali juu ya ubao, miguu ukutani, wakatembea. Boti inasogea. Ni kazi ya kuvunja mapaja. Papa Albert aliipenda hadithi hiyo. Watu wa kanisa lake wakija matembezi, alilaza ubao pale mbele, na mto chini ya mgongo, akafunga usukani ili boti isiachane na ukuta, akawaonyesha."

"Watu gani?"

"Wote. Kwaya nzima."

Daisy alikimbia na habari hizo kwa inspekta, na inspekta alizipokea kwa furaha ambayo hakuitaka. "Pekupeku? Nani anatembea pekupeku kwenye boti ile? Anayeishi humo. Umenisaidia sana, Sajini. Jioni tunamaliza."

Daisy alibaki kwenye korido ya mahabusu. Alikuwa amekwenda kumwokoa mtu, akamfungia mlango vizuri zaidi. Mbele ya kila seli palikuwa na viatu, kwa sababu mahabusu huvuliwa viatu kabla ya kufungiwa. Vya Armelle vilikuwa raba nyeupe za kazini, zilezile alizokamatwa nazo. Daisy aliviangalia bila kuviona. Halafu akaviona.

Alichuchumaa. Ndani vilikuwa vyeupe vilevile.

Aliyetembea ukutani alitoka upande wa pili na miguu myeusi ya masizi na utelezi. Hakurudi kwenye maji kuinawa. Angelowa, na usiku ule ulikuwa wa barafu. Alivaa viatu vyake akaenda zake. Masizi ya mvuke hayatoki kwa kukung'uta. Basi mahali fulani katika London kulikuwa na viatu vilivyo vyeusi kwa ndani.

Na leo watu wote waliowahi kuvua viatu kwenye boti ya Papa Albert walikuwa wamevivua mlango mmoja.

Alipofika Thamesmead alasiri, aliwaacha makonstebo wawili chini. Alivaa glavu, akapanda. Mlangoni pa Anne-Marie alishika kiatu kimoja kimoja, akielekeza tochi ndani. Raba za watoto. Viatu vya manesi, vya kinamama. Buti za mlinzi wa usiku. Vyote vilikuwa na uchakavu wa kawaida wa Mungu.

Vile vya ngozi ya mamba alivibakiza mwisho, kwa sababu vilikuwa safi mno. Nje vilimwonyesha uso wake mwenyewe. Alimulika ndani.

Simu yake ililia mfukoni, akaruka. Namba ya Tanzania. Alisikiliza hapo ngazini, ameuegemea ukuta, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, usikate," alisema. "Tafadhali. Nitakuingiza ndani."

Aliingia na simu mkono mmoja na kiatu mkono wa pili. Mazungumzo yalififia.

"Hiki ni cha nani?"

Mzee mmoja alicheka. "Cha Aristide! Sajini anataka kununua?"

"Weka chini pole pole," alisema Aristide kutoka kwenye kiti chake. "Ile ni ya Paris."

"Uliniambia hujakanyaga boti ya Papa Albert."

"Minaogopa maji."

"Lakini, Aristide," alisema Anne-Marie polepole, kama anayejikumbusha mwenyewe, "ile picnic ya Pentekoste ulikuja. Ulilala wewe mwenyewe ku ubao, batoto bakacheka."

Aristide alirekebisha tai. "Siku moja. Nilisahau."

"Alhamisi usiku," alisema Daisy, "kuna mtu alilala kwenye ubao ule, akaipitisha Idjwi handaki zima kwa miguu yake. Alitembea pekupeku. Wazungu wangetembea na buti. Lakini mtu aliyezoea ile boti anavua viatu mlangoni hata bila kufikiri, na akiwa na viatu vya Paris hathubutu kuvikwangua kwenye ukuta wa utelezi. Akavua, akamaliza kazi, akavaa. Akaenda nyumbani akavipiga rangi. Nje." Aligeuza kiatu kuelekea dirishani. Ngozi ya ndani, iliyopaswa kuwa ya rangi ya maziwa, ilikuwa nyeusi tii, na mbele zilionekana alama za vidole vitano.

"Ni rangi ya viatu."

"Rangi ya viatu hupakwa ndani?"

Aristide aliwageukia wenzake. "Ju ya nini nimuue Papa Albert? Alikuwa ndugu yangu. Ju ya nini? Sema mbele ya batu!"

"Mwenye jibu yuko kwenye simu," alisema Daisy. Aliiweka mezani, karibu na picha ya marehemu, akaongeza sauti. "Mama, waambie jina lako."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke, mbali lakini wazi. "Laurette. Laurette Nabintu. Muke ya Aristide."

Bibi mmoja alijivuta nyuma mkekani akafanya ishara ya msalaba. Walikuwa wamemwimbia mtu huyu, wakachanga, wakala chakula chake cha msiba. Anne-Marie aliyekipika alishika ukuta.

"Nilipata namba ya Papa Albert kwa mutu wa Bukavu," sauti iliendelea. "Alilia. Alisema huko Ulaya banajua nilisha kufa. Akasema ngoja, nitamupa Aristide nafasi aseme mwenyewe, kanisani, Jumapili. Mimi ningali nangoja. Aristide, uko hapo? Sikufa. Niko hapa na batoto."

Aristide aliitazama simu. Maneno yake hakuyaelekeza huko. Alimwambia Anne-Marie.

"Nilimuomba wiki moja tu. Arusi ipite. Akasema hapana, hutaoa juu ya kaburi ambalo halina mutu. Nikamusukuma. Kusukuma tu! Akaanguka ku jiko, akanyamaza. Nikafuta damu, nikamuvuta mpaka ku usukani, nikafikiri, batu baseme handaki ndiyo ilimupiga. Injini ikakataa. Nikakumbuka ule ubao." Alitazama miguu yake ndani ya soksi. "Nilipoisha kuingia, hakukuwa pa kutokea. Kurudi nyuma giza, kwenda mbele giza. Viatu hata sikuviwaza. Nilivivua ku mulango, kama siku zote."

"Papa Albert hakuwa amekufa," alisema Daisy. Hakutaka kuisema mbele ya watu, lakini aliona haki ya kujua ni yao. "Daktari anasema aliishi kama saa mbili baada ya kuanguka. Ungepiga simu, angekuwa hospitali. Ulipokuwa ukitembea ukutani, yeye alikuwa nyuma yako anapumua."

Aristide alifunika uso. "Nilisikia," alisema kupitia vidole. "Nilisema ni maji."

"Na tangu jana Armelle yuko seli kwa ajili yako, nawe umeketi hapa kama mfiwa wa mzee aliyemlea."

Alimsomea haki zake. Makonstebo walipanda. Viatu vya Paris viliingia kwenye mfuko wa ushahidi, kwa hiyo Aristide alishuka ghorofa tatu kwa soksi, akavuka uwanja wenye madimbwi ya mvua mpaka kwenye gari. Madirishani watu walimtazama. Anne-Marie hakwenda dirishani. Alikuwa amechukua simu mezani, amekaa nayo mkekani, na alikuwa anamwambia Laurette, "Usikate, dada. Usikate kwanza."

Inspekta alikuwa mtu wa haraka hata katika kushindwa. Jioni hiyohiyo alitia saini, akamwambia Daisy kazi nzuri bila kumtazama usoni. Armelle alirudishiwa raba zake nyeupe, akazivaa akiwa ameketi kwenye benchi la korido, na ilimchukua muda mrefu kufunga kamba. Nje Imran alikuwa anangoja na mama yake. Yule mama alimfunga Armelle shali yake mwenyewe.

Daisy aliwaendesha mpaka Thamesmead. Ngazini Armelle alisimama.

"Sikumuaga," alisema. "Nilifikiri lile neno lilikuwa mimi."

"Halikuwa wewe hata kidogo," alijibu Daisy.

Mlangoni, katikati ya viatu vya watu, palikuwa na nafasi tupu ya jozi moja. Armelle alivua raba zake akaziweka hapo. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Anne-Marie, ambaye mchana ule alipoteza mume kabla ya kumpata, alimtazama, akafungua mikono, na nyuma yake wanawake wote wakasimama kutoka mikekani. Ndipo kilio cha Papa Albert kilipoanza, kwa sauti, mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakatoka kuangalia kuna nini.

Daisy alivua viatu vyake, akaingia kukaa na wafiwa.